Mlima Huiba Mara Mbili: Historia ya Joto la Injini Kutoka Safari Rally Hadi Lukumburu

Mtu akifeli mtihani, mtaani tunasema amechemsha. Ukisafiri kutoka Songea kwenda Njombe utawakuta waliochemsha kweli kweli. Lori la mahindi limesimama pembeni kwenye vilima vya Lukumburu, kabini imeinuliwa, mvuke unafuka, matawi ya miti yametandazwa barabarani kuonya wanaokuja, na utingo anashuka bondeni na dumu kutafuta maji. Miaka mitatu iliyopita utingo huyo alikuwa binamu yangu. Alifungua mfuniko wa rejeta mapema mno. Kovu analo mpaka leo, kuanzia shavuni hadi kifuani.

Nataka tuelewe kilichomtokea, na njia fupi ya kukielewa inapitia kwenye mashindano ya magari. Kwa nini mashindano? Kwa sababu waliokimbiza magari kwenye Safari Rally walipambana na tatizo lile lile la Lukumburu, ila wao walikuwa kwenye mwendo mkali, siku baada ya siku, na dunia nzima ikiwatazama.

Mlima unaiba nini?

Injini haili mafuta peke yake, inakula na hewa. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Gari lenye hospawa 100 pale Dar es Salaam, likifika Njombe, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, linabaki na kama 82 hivi. Dereva anaona gari limekosa pumzi, anateremsha gia na kukanyaga mafuta hadi mwisho.

Huo ni wizi wa kwanza. Wa pili ni wa joto. Katika injini ya petroli, takribani theluthi moja tu ya nishati ya mafuta ndiyo huzungusha magurudumu. Iliyobaki ni joto: sehemu hutoka na moshi, sehemu hubebwa na maji ya rejeta. Sasa, kwenye mwinuko maji nayo huchemka mapema. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100, Songea kwenye 96 hivi, Njombe au Nairobi kwenye 94. Na feni inapuliza hewa ile ile nyepesi, isiyobeba joto vizuri. Kwa hiyo mlima unapunguza nguvu, unakulazimisha uichoshe injini, halafu unapunguza uwezo wa kuipoza. Watu huyataja kama matatizo mawili, kumbe ni moja.

Waliokuja bila rejeta

Safari ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Gari lililomaliza na adhabu chache kuliko yote lilikuwa Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe. Mwaka 1954 ikawa Volkswagen tena, kisha ikarudi kushinda 1957 na 1962.

Gari lile halikuwa na nguvu nyingi. Lakini fungua injini yake kule nyuma uangalie: hakuna rejeta, hakuna mpira wa maji, hakuna maji. Feni inapuliza silinda moja kwa moja, na oili inasaidia kubeba joto. Sisemi ilishinda kwa sababu hiyo tu. Ninachosema ni kwamba kisichokuwepo hakiwezi kuchemka wala kupasuka.

Magari yenye rejeta yalikuwa na adui mwingine, nao ni matope. Safari ilikimbiwa Pasaka, katikati ya masika. Mwaka 1963, na tena 1968, magari 7 tu ndiyo yalimaliza, na mara zote mbili mshindi alikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Matope yakiziba uso wa rejeta, hewa haipiti, na sindano ya joto inapanda hata kama mvua inanyesha.

Turbo: dawa yenye madhara

Kuanzia 1979 hadi 1982, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara nne mfululizo na Datsun isiyo na turbo. Kisha mwaka 1984 Björn Waldegård akashinda na Toyota Celica yenye turbo, ushindi wa kwanza wa turbo kwenye Safari.

Turbo hutumia moshi unaotoka kuzungusha pangaboi linaloshindilia hewa ndani ya injini. Hewa iliyoibwa na mlima inarudishwa. Raha! Ila umewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi? Ina moto. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na ndani ya turbo inaweza kupita nyuzi 100. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo sehemu ya faida inapotea tena. Ndiyo maana hupitishwa kwanza kwenye intakula, rejeta ndogo ya kupoza hewa. Na kadiri mwinuko unavyozidi, turbo hulazimika kushindilia zaidi, na joto linazidi.

Toyota ilishinda 1984, 1985 na 1986 kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Peugeot 205 Turbo 16, gari kali lililochukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji 1985 na 1986, halikuwahi kushinda Safari. Sababu zilikuwa nyingi, lakini Safari haikumtuza mwenye nguvu nyingi. Ilimtuza anayefika.

Turudi Lukumburu

Mfuniko wa rejeta si kizibo tu. Unafungia presha, na presha inazuia maji kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Maji yanaweza kuwa na nyuzi 110 na bado yametulia. Ukifungua, presha inatoka ghafla, na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, ikiruka na maji ya moto kukufuata usoni. Hicho ndicho kilichompata binamu yangu. Tajiri wa lori alikuwa akimpigia dereva simu, mzigo unachelewa.

Kwa hiyo sindano ikianza kupanda, teremsha gia na upunguze mwendo kabla mlima haujakuamulia. Likichemsha, egesha, zima, usiguse mfuniko kwa nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono. Tajiri atasubiri. Mahindi hayaozi kwa nusu saa.