Kuvuta si Kutanua: Zumu na Majina Yake Mawili

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, matunda mabichi ya kahawa yangu hapa Itaka, wilayani Mbozi, yalianza kutoka madoa meusi. Nilikuwa na kamera ndogo ya dijitali, ile ya kutia mfukoni, niliyoinunua Tunduma. Njia ya kuingia katikati ya shamba ilikuwa tope tupu, basi nikasimama ukingoni, nikalenga tawi na kubonyeza zumu mpaka mwisho. Tawi likajaa kwenye kioo cha kamera, nikarudi nyumbani nimeridhika. Bwana shamba alipoifungua picha ile kwenye kompyuta, aliitazama kwa kitambo, kisha akaniuliza: "Mwalimu, haya madoa ni ya kahawa au ya kamera?"

Aliuliza kwa haki. Chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, huonekana kama madoa meusi yaliyobonyea kwenye tunda bichi, na picha yangu ilikuwa vijisanduku vya rangi vilivyopangana kama vigae. Hakuna aliyeweza kusema kama doa limebonyea au ni kivuli tu. Nikarudi shambani na tope lake, nikasogea hadi kwenye tawi, nikaweka kamera kwenye alama ya ua, ambayo ni ya vitu vya karibu, nikapiga picha bila zumu yoyote. Safari hii bwana shamba hakuhitaji kuuliza. Ilikuwa chulebuni.

Nimelichunguza neno zumu tangu siku hiyo, na nimeona kwamba linabeba mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Katika Kiingereza, tulikolitoa, lilianza kama tanakali sauti, mvumo wa kitu kinachopita kwa kasi. Marubani wa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia walilitumia kwa ndege inayopanda juu ghafla, na baadaye likahamia kwenye lenzi. Kwa hiyo tulichopokea ni mvumo. Neno lenyewe halimwambii mtumiaji ni kitu gani kinachotendeka ndani ya kamera yake.

Tuanze na zumu ya kwanza. Ukiwasha kamera ndogo, mrija wa lenzi hutoka kama kichwa cha kobe. Ndani yake kuna lenzi kadhaa, na unapobonyeza kitufe, mota ndogo huzisogeza, zikakaribiana au kuachana. Kila aliyesoma sayansi ya shule ya msingi anakumbuka kwamba lenzi mbinuko hukusanya miale ya mwanga kwenye fokasi na lenzi mbonyeo huitawanya. Zikisogezwa kwa mpangilio, umbali wa fokasi wa lenzi nzima hubadilika. Ukiongezeka kutoka milimita 5 hadi milimita 25, kamera inasemwa kuwa na zumu ya mara 5, kwa kuwa 25 ukigawanya kwa 5 unapata 5. Kitu cha mbali hutua kikubwa zaidi juu ya kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ambacho katika kamera nyingi za mfukoni kina upana wa milimita 6 hivi, kidogo kuliko ukucha. Kihisi chote kinafanya kazi, na kila nukta yake inapokea habari mpya kutoka kwenye kitu chenyewe.

Zumu ya pili haisogezi lenzi yoyote. Kamera inachukua sehemu ya katikati ya picha, inatupa kingo, kisha inainyoosha sehemu iliyobaki ijaze nafasi yote. Hesabu yake ni rahisi. Chukua kamera ya megapikseli 12, yenye nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo. Ukiweka zumu hiyo mara 2, zinabaki nukta 2,000 kwa 1,500, yaani megapikseli 3. Ukiweka mara 4, zinabaki 1,000 kwa 750, ambazo hazifiki hata megapikseli 1. Programu huziba mapengo kwa kubashiri rangi za katikati ya nukta na nukta, na programu za siku hizi zinabashiri vizuri zaidi. Hata hivyo doa la kahawa ambalo kihisi hakikuliona, programu haiwezi kulishuhudia.

Picha ya kuchapa ya inchi 4 kwa 6 huhitaji nukta kama 1,200 kwa 1,800 ili itoke safi kabisa. Zumu hii ikiwa mara 2, kamera yetu bado inamudu. Ikiwa mara 4, mtu ataona ukungu hata akiishika picha mkononi. Na kazi hiyo ya kukata na kunyoosha unaweza kuifanya nyumbani kwa kompyuta, bila haraka, huku picha nzima ungali nayo.

Je, Kiswahili kina majina ya vitendo hivi viwili? Kinayo, na ya zamani. Darubini ni neno la asili ya Kiajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Watu wa pwani walikijua chombo hicho kwa kazi yake, kuleta karibu kilicho mbali. Mitaani kwetu nako, mtu akitaka zumu husema, "Vuta karibu." Huyo amekwisha kutunga istilahi. Tatizo ni kwamba tunasema "vuta" hata pale ambapo hakuna kinachovutwa.

Ninapendekeza kuvuta kubaki kwa lenzi peke yake, na zumu ya programu iitwe kutanua. Nilifikiria pia kukuza, kwa sababu tuna kioo cha kukuzia. Lakini kioo kile ni lenzi, na mtu akikitumia huona kweli vitu ambavyo jicho tupu halikuviona. Kutanua ni neno aminifu zaidi. Mpira wa baiskeli ukiutanua unakuwa mpana, lakini hauongezeki mpira ndani yake, na ukizidisha unabaki mwembamba. Picha nayo ni hivyo hivyo.

Si kila neno la zamani linahitaji kusahihishwa namna hii. Bado tunapeleka picha studio "kusafishwa", ingawa kadi ya kumbukumbu haina mkanda wa kuoshwa kwa dawa. Neno hilo limekaa na halimdhuru mtu, maana mteja anapata picha aliyoitarajia. Zumu ni tofauti. Boksi linaweza kuandika mara 5 za lenzi na mara 4 za dijitali, kisha mara 20 kwa herufi kubwa, na mnunuzi akatoa fedha kwa ajili ya 20 wakati kamera inavuta 5. Kusanifu istilahi ni kazi ya BAKITA tangu sheria ya mwaka 1967 ilipoliunda baraza hilo, lakini istilahi huiva kwanza midomoni mwa wanaoitumia, dukani na shambani.

Matumizi yake yawe hivi: "Kamera hii inavuta mara 5." "Usitanue, sogea." "Zima kutanua kwenye menyu, lenzi ikifika mwisho wake isimame hapo." Kamera nyingi zina mstari kwenye kioo wenye alama inayogawa pande mbili: upande mmoja kuvuta, upande wa pili kutanua. Anayeyajua maneno haya mawili anaisoma alama hiyo mara moja.

Mkulima wa Mbozi ana haja na maneno haya kuliko watu wengi. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ina kituo Mbimba, humu wilayani mwetu, na picha nzuri ya jani au tunda inaweza kumtangulia mkulima kwa mtaalamu. Kutu ya majani, kwa mfano, ni unga wa rangi ya machungwa chini ya jani, na unga huo ndio wa kwanza kupotea picha inapotanuliwa.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya kabati la kioo Tunduma na muuzaji akakuambia kamera ina zumu 20, muulize kwa Kiswahili chako: "Inavuta mara ngapi, na inatanua mara ngapi?"