Barabara ya Mifupa: Njaa iliyomaliza askari wa Japani pamoja na mateka wao

Mwezi wa sita 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvalisha nishani mzee Albert Kunyuku, mwenye umri wa miaka 100. Mzee huyo alikuwa askari wa Force Publique wakati wa vita ya pili ya dunia, na alifika mpaka Burma, nchi ya Asia ambayo leo inaitwa Myanmar.

Kule Burma Kongo ilipeleka hospitali ya vita. Waganga walikuwa Wabelgiji. Wauguzi, wabeba machela na madereva walikuwa Wakongomani. Hospitali hiyo ilifanya kazi pamoja na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambao wengi wao walielewana kwa Kiswahili. Mwaka 1944 divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw, katika mvua na malaria, ikifuata Wajapani waliokuwa wanarudi nyuma. Njiani kulikuwa maiti za Wajapani, na wengi wao hawakuuawa na risasi.

Ilikuwaje? Mwezi wa tatu mwaka ule, jenerali Mutaguchi Renya alivusha mto Chindwin na askari karibu 85 000 ili kuteka miji ya Imphal na Kohima, upande wa India. Aliwapa chakula cha wiki tatu hivi. Hesabu yake ilikuwa kwamba watateka maghala ya Waingereza na kula humo. Walipewa pia ng'ombe wa kubeba mizigo na kuliwa baadaye, lakini wengi walizama mtoni au walianguka milimani. Waingereza nao waliletewa chakula na risasi kwa ndege. Miji haikutekwa, na mvua ikaanza.

Jenerali Sato Kotoku, aliyeongoza divisheni iliyopigana Kohima, aliomba chakula mara nyingi bila kupata. Mwishoni aliondoa watu wake bila ruhusa. Wakubwa walimfukuza kazi, kisha wakasema ana ugonjwa wa akili, maana kumpeleka mahakamani kungefunua makosa yao wenyewe. Katika jeshi zima lile, pengine yeye ndiye aliyekuwa na akili timamu zaidi.

Waliorudi walitembea miguu mitupu katika matope, na kuhara damu, wakila majani. Askari 30 000 hivi walikufa katika mapigano hayo, wengi kwa njaa na magonjwa. Waliobaki waliiita njia ile barabara ya mifupa.

Kwa nini hawakujitoa kwa adui apate kuwalisha? Mwaka 1941 waziri wa jeshi Tojo Hideki alikuwa ametoa kitabu cha amri kwa kila askari, kikimfundisha kwamba kutekwa ni aibu kuliko kufa. Mgonjwa asiyeweza kutembea aliachiwa bomu la mkono ajimalize. Na upande wa pili, si kila askari wa Waingereza au wa Marekani alikubali kupokea Mjapani aliyeinua mikono. Habari hiyo nayo ilienea, na ikawazuia wengine kujitoa.

Mtu aliyefundishwa kwamba mateka si mtu tena, anamtendea nini mateka aliye mikononi mwake? Jibu liko kwenye reli ya kilomita 415 kati ya Thailand na Burma. Singapore ilipoanguka, mwezi wa pili 1942, maelfu kwa maelfu ya askari wa Uingereza na Australia walitekwa kwa siku moja. Wengi wao, pamoja na Waholanzi na Wamarekani, walipelekwa kujenga reli ile. Mateka 60 000 hivi walipasua mawe kwa nyundo na mikono, kwa kikombe cha wali, huku wagonjwa wakiamshwa kwa fimbo. Zaidi ya 12 000 walikufa. Walinzi wengi walikuwa Wakorea, watu wa koloni la Japani, ambao wenyewe walipigwa makofi na wakubwa wao. Kisha vita ikaisha, mahakama za washindi zikanyonga Wakorea 23 kwa makosa ya vita.

Lakini kuna waliokufa wengi kuliko mateka wa Kizungu, na hao hawatajwi sana. Ni raia: Waburma, Watamil wa Malaya, watu wa Java. Wengine waliahidiwa mshahara mzuri, wengine walikamatwa tu barabarani. Hawakuwa na waganga kama mateka wa jeshi, wala maofisa wa kuandika majina yao. Kipindupindu kilipoingia, kambi zao ndizo zilizofagiwa zaidi. Inahesabiwa kwamba karibu 90 000 walikufa.

Pale Kanchanaburi, nchini Thailand, kuna makaburi karibu 7 000 ya askari mateka, yamepangwa kwa mistari, mengi yakiwa na jina na umri. Wale raia walitupwa katika mashimo ya pamoja kando ya reli, na miaka mingi baadaye mifupa ya watu imekutwa huko.