Ujiji (mji wa kihistoria)

Ujiji ni mji wa kale kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa Kigoma, magharibi mwa Tanzania. Siku hizi ni sehemu ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, nao uko kilomita chache kusini mwa kitovu cha Kigoma mjini. Katika karne ya 19 ulikuwa kituo kikuu cha ziwani kwenye njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo. Mji unajulikana duniani kwa sababu Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone hapo mwaka 1871. Mahali pa mkutano huo pamehifadhiwa, lakini historia ya Ujiji ni pana kuliko uwanja huo mmoja.

Jina na wenyeji

Jina la mji linatokana na Wajiji, ambao ni tawi la Waha. Kabla ya wafanyabiashara wa pwani kufika, wenyeji walilima, walivua samaki na kubadilishana bidhaa na watu wa ng'ambo ya ziwa. Makazi yaliyounda mji wa misafara yalikuwa hasa Kawele na Ugoy. Baadaye walihamia watu wengi kutoka mashariki mwa Kongo, wakiwemo Wamanyema. Baadhi yao walikuja wakiwa watumwa, wengine wapagazi, wengine wafanyabiashara. Kutokana na mchanganyiko huo Kiswahili na Uislamu vilikita mizizi Ujiji mapema kuliko sehemu nyingi za bara.

Njia ya misafara

Njia ya kati ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora, ikavuka mto Malagarasi na kufika ziwani. Umbali wake ulikuwa zaidi ya kilomita 1,000. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Ujiji Februari 1858, yaani zaidi ya miezi 7 njiani.

Kabla ya kufika Ujiji misafara ilipita nchi ya Uvinza, yenye chemchemi za maji ya chumvi. Utafiti wa akiolojia umeonyesha kwamba chumvi ilichemshwa huko tangu karne ya 5 au ya 6 hivi. Kwa hiyo biashara ya eneo hili ilikuwepo miaka mingi kabla ya misafara ya pwani. Misafara iliikuta, ikaipanua na kuibadilisha.

Katika soko la Ujiji ziliuzwa samaki, mawese, chumvi, nafaka, nguo, pembe za ndovu na watumwa. Malipo ya kila siku yalifanywa kwa ushanga ulioitwa sofi. Watumwa wengi walivushwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Kongo. Wengine walibaki Ujiji wakilima na kutumikia nyumba za matajiri, na wengine walipelekwa Tabora na pwani.

Kiongozi mashuhuri wa wafanyabiashara alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, aliyefuatwa na Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza. Wamisionari wa London Missionary Society walifika mwaka 1878, na White Fathers walifuata mwaka 1879.

Mkutano wa mwaka 1871

Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, aliposhuhudia wafanyabiashara wa watumwa wakiwapiga risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake. Baada ya hapo alirudi Ujiji akiwa mgonjwa, akakuta mali yake imekwisha kuuzwa. Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alimkuta katika hali hiyo. Tarehe aliyoitaja Stanley ni 10 Novemba 1871. Livingstone, ambaye hesabu ya siku ilikuwa imempotea, aliandika siku za mwishoni mwa Oktoba.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliikausha maiti yake na kuibeba hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Susi na Chuma walikuwa pamoja naye Ujiji pia, na Susi alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumlaki Stanley.

Ziwa lilivyorudi nyuma

Mgeni wa leo hushangaa kwamba mnara wa ukumbusho uko mbali na maji. Sababu ni mabadiliko ya ziwa lenyewe. Mto Lukuga, ambao ndio njia ya kutokea ya maji ya ziwa kuelekea Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na majani, na maji yakapanda. Mwaka 1878 hivi kizuizi hicho kilivunjika. Hadi miaka ya 1890 maji yalikuwa yameshuka kwa takriban mita 10, na ufuko wa Ujiji ukasogea mbali.

Wajerumani waliweka kituo Ujiji mwaka 1896, lakini ghuba ya Kigoma ilikuwa na kina na kinga nzuri zaidi ya upepo. Reli ya kati ilifika Kigoma Februari 1914, na bandari kuu ikawa huko. Ujiji ikabaki mji wa wavuvi, wakulima na wafanyabiashara wadogo.

Hifadhi

Uwanja wa kumbukumbu ya Livingstone una mnara wa jiwe uliochongwa ramani ya Afrika, kumbukumbu ya Burton na Speke, na jengo la makumbusho. Mwembe wa awali ulikufa. Miembe iliyopo inasemekana ilitokana na vikonyo vyake. Miembe mingine mikubwa ya mjini huhusishwa na njia ya misafara katika simulizi za wenyeji.

Msingi wa ulinzi wa mambo ya kale Tanzania Bara ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, Ujiji ikiwemo, katika orodha ya awali ya UNESCO. Orodha hiyo ni ya maeneo ambayo nchi inakusudia kuyapendekeza. Si sawa na kuwa Urithi wa Dunia.

Tofauti inaonekana tukilinganisha na miji mingine ya kale. Nchini Sri Lanka, miji ya Kibuddha ya Anuradhapura na Polonnaruwa iliandikishwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1982, pamoja na mahekalu, mabwawa na majumba yake. Nchini Tanzania, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikishwa mwaka 1981. Yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na baada ya matengenezo yakatolewa humo mwaka 2014. Miji hiyo ilijengwa kwa mawe au matofali, hivyo mabaki yake yanaonekana.

Nyumba za Ujiji, kwa sehemu kubwa, zilikuwa za udongo na miti. Mvua na ujenzi mpya huziondoa bila kuacha gofu, na miembe ikikatwa haiachi alama. Urithi wa Ujiji umo zaidi katika mitaa, makaburi, majina ya mahali, lugha na kumbukumbu za wazee. Pia, uwanja uliohifadhiwa unawaeleza wasafiri wa Ulaya kwa urefu, ilhali wapagazi na watumwa waliopita hapo kwa maelfu hawana mnara wa kuwatosha. Kazi iliyobaki ni kuorodhesha nyumba na miti ya zamani na kurekodi simulizi kabla wanaozijua hawajatoweka.

Kufika

Barabara za kutoka Kasulu na Uvinza hukutana Kidahwe, kisha huendelea hadi Kigoma na Ujiji. Kigoma hufikika pia kwa treni kutoka Dar es Salaam na Tabora.