Neno la Wiki: Pangilia

Kupanga ni kuweka vitu mahali pake. Kupangilia ni kuvipanga kwa utaratibu, kila kimoja kikilingana na mwenzake. Jedwali la bei kwenye ukurasa wa wavuti lahitaji hilo la pili. Chukua mfano wa bei za Kamembe, mji wa Rwanda ulio mkabala na Bukavu ya Kongo, ambako faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola hukutana. Jina la bidhaa, tuseme samaki wa sambaza, lipangiliwe kushoto, tunakoanzia kusoma. Tarakimu zipangiliwe kulia, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. 950 ikikaa hivyo chini ya 12,000, jicho halidanganyiki. Na Kiswahili ni lugha rasmi huko Rwanda tangu 2017. Basi, watengenezaji wa tovuti, wapangilieni wasomaji wa Kiswahili majedwali yasomekayo.