Asili na Mageuzi ya Maana ya Neno "Karate"

Mchunguzi wa asili ya maneno hutegemea sana sauti. Hata hivyo, sauti pekee haitoshi, na jambo hili hudhihirika katika historia ya neno karate, ambalo aghalabu hufasiriwa kuwa "mkono mtupu".

Maana hiyo ni ya karibuni. Mchezo wenyewe ulikulia Okinawa, kitovu cha ufalme wa Ryukyu, uliofanya biashara na China kwa karne nyingi kabla ya kutwaliwa na Japani mwaka 1879. Wenyeji waliuita te, yaani "mkono". Mitindo iliyonasibishwa na China iliandikwa kwa alama mbili zenye maana ya "mkono wa Kichina", ya kwanza ikiwa ni jina la utawala wa Tang (618–907). Alama hizo zilisomwa tode huko Okinawa, na karate kwa Kijapani.

Lakini Kijapani kina kara nyingine, yenye maana ya "tupu", nayo ina alama yake. Hanashiro Chomo aliitumia mwaka 1905. Funakoshi Gichin, aliyeuonyesha mchezo huo Tokyo mwaka 1922, bado aliandika "mkono wa Kichina" katika kitabu chake cha mwaka huo. Katika kile cha 1935 akaandika "mkono mtupu". Mwaka 1936 walimu waliokutana Naha waliuafiki mwandiko huo mpya. Waswahili husema mkono mtupu haurambwi. Funakoshi, kinyume chake, aliufanya utupu kuwa sifa, akiuhusisha na fikra za Kibuddha. Walakini wakati nao ulisema: Japani ilikuwa imeivamia Manchuria mwaka 1931, na vita kamili na China vilizuka mwaka 1937. Kumbukumbu ya China ilifutwa pasipo kubadilishwa hata silabi moja.

Katika istilahi nyingine kumbukumbu hiyo ilisalia. Kempo, "njia ya ngumi", ni quanfa ya Kichina. Sensei huandikwa kwa alama zile zile za xiansheng, "aliyetangulia kuzaliwa". Ila Mjapani humwita hivyo mwalimu, ilhali kwa Mchina wa leo aghalabu ni "bwana" tu.

Kiswahili kilipolipokea neno karate kilipokea sauti bila alama. Kwa hiyo, mtunga kamusi anayelieleza kwa "mkono mtupu" hajaeleza asili yake; ameandika uamuzi wa miaka ya 1930.