Daftari la Mpasuaji

Mchongaji wa Wamunyu hahitaji barua ya kumtambulisha. Anaweka twiga wake mezani, mnunuzi anapitisha kidole shingoni mwa mnyama, anapapasa palipopigwa msasa na palipoachwa na mikwaruzo, kisha bei inaanza kuzungumzwa. Ndivyo ufundi huo ulivyoenea Ukambani tangu Mutisya Munge arudi kutoka Tanganyika, alikojifunza kuchonga wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza: kazi yenyewe ilikuwa shahidi. Daktari wa upasuaji hana bahati hiyo. Akimtibu mtu ngiri vizuri, mtu huyo anapona, anarudi shambani kwake Mbumbuni, na kovu linabaki chini ya nguo. Hawezi kupelekwa Nairobi kuonyeshwa jopo la usaili. Ndiyo maana nashikilia kwamba daftari la operesheni analokwenda nalo daktari kijana kuomba nafasi ya ubingwa si urasimu mtupu. Lilizaliwa kwa sababu ufundi huu hauachi kitu cha kubeba mkononi, na nguvu yake kubwa ni kumpa sauti fundi asiyejulikana.

Kabla ya daftari, lililotangulia lilikuwa jina. Katika hospitali ya Johns Hopkins, iliyofunguliwa Baltimore mwaka 1889, William Halsted aliwalea wapasuaji wake kwa miaka mingi, na yeye ndiye aliyeamua nani ameiva. Chuo cha Wapasuaji cha Marekani kilipoanzishwa mwaka 1913, kilidai kitu kingine: mwombaji alete kumbukumbu za operesheni 100 alizofanya. Hapo aibu ikafichuka. Rekodi nyingi zilizoletwa zilikuwa mbovu, mara nyingi kwa sababu hospitali zenyewe hazikuandika mgonjwa aliingia na nini na alitoka vipi. Ernest Codman wa Boston alikuwa amekwisha kupiga kelele juu ya jambo hilo. Yeye alimwekea kila mgonjwa kadi, kisha akamfuatilia baada ya mwaka ajue kama kweli amepona. Chuo kikaanza kukagua hospitali, na mwaka 1919, kati ya hospitali kubwa 692 zilizokaguliwa, ni 89 tu zilizotimiza masharti. Makaratasi ya waombaji yalikuwa yamewafumbua macho wakubwa wao.

Huku kwetu njia ilikuwa ndefu zaidi. Makerere ilianza kufundisha udaktari mwaka 1924, lakini Kenya haikuwa na chuo chake cha udaktari hadi 1967, na kwa miaka mingi aliyetaka ubingwa wa upasuaji alipanda ndege kwenda Uingereza. Chama cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1950, ndicho kilichoandaa njia ya kuzaliwa kwa chuo cha wapasuaji cha kanda, COSECSA, mwaka 1999. Hiki ni chuo kisicho na kuta: mwanafunzi hubaki katika hospitali iliyoidhinishwa, na miaka yake mitano hadi ubingwa huhesabiwa kwa kazi ya mikono. Mstari mmoja wa daftari lake ni mfupi mno: tarehe, operesheni, kisha kama alisaidia, alifanya akisimamiwa, au alifanya mwenyewe. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito wote. Operesheni kumi za kidole tumbo alizoshikilia vyuma tu si sawa na mbili alizozifanya yeye.

Kuna wanaosema Mkenya ana sababu nzuri ya kuchukia karatasi zinazompima. Ni kweli. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1915 ilizaa kipande, kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kuning'iniza shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na mwajiri ndiye aliyekiandika. Lakini tofauti iko hapohapo: daftari la mpasuaji huandikwa na fundi mwenyewe, msimamizi huthibitisha tu. Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, daktari wa Makueni ni mwajiriwa wa kaunti. Zamu zake zimejaa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji na vijana walioanguka na bodaboda, na hapati muda wa kuandika makala za utafiti anazojivunia mwenzake wa hospitali kubwa. Jopo likihesabu vyeti na makala kwanza, litamwacha nje. Hilo ni kosa la wasomaji, si la daftari, kwa kuwa penye daftari ndipo anapoweza kumshinda mwenzake huyo. Wala sikatai kwamba mtu anaweza kudanganya. Ila uongo ulioandikwa na tarehe unaweza kulinganishwa na kitabu cha chumba cha upasuaji. Sifa za mdomo hazina pa kulinganishwa.

Basi ninyi mnaoketi upande wa pili wa meza, fungueni daftari kabla ya barua za wakubwa, na mwulizeni kijana habari za mgonjwa mmoja, mstari mmoja, hadi mwisho. Na wewe daktari wa zamu, andika operesheni ya leo kabla hujatoka hospitalini, pamoja na ile iliyokwenda vibaya.