Uchafu Uliozaa Plastiki

Ijumaa ya tarehe 24 Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett walifungia gesi ya ethilini na kimiminika kiitwacho benzaldehidi ndani ya chombo kinene cha chuma. Wakakipasha moto hadi nyuzi 170, wakaigandamiza gesi kwa nguvu inayokaribia mara 2,000 ya ile ya hewa ya kawaida, kisha wakaiacha hadi Jumatatu. Walitaka kujua kama vitu hivyo viwili vingeungana. Hakuna aliyekuwa akitafuta plastiki.

Havikuungana. Ila ndani ya chombo palikuwa na kitu cheupe, kidogo mno, na Gibson akaandika katika daftari lake kwamba ameona nta.

Nta hiyo ilikuwa ni ethilini yenyewe. Molekuli ya ethilini ina atomu 2 za kaboni na 4 za hidrojeni, na kaboni hizo zimeshikana kwa bondi mbili, kama watu walioshikana mikono yote. Mkono mmoja ukiachiwa, kila kaboni inabaki na mkono mtupu wa kumshika jirani. Jirani naye huachia wake, akamshika wa tatu, na hivyo hivyo hadi mnyororo unafika maelfu ya kaboni. Hakuna atomu inayotupwa njiani: kila molekuli iliyojiunga imeingia nzima katika mnyororo huo, uitwao polima.

Lakini nani anaanza kuachia? Hapo ndipo penye fumbo. Gibson na Fawcett waliporudia jaribio, mara hawakupata kitu, mara chombo kililipuka, na kazi ikasimamishwa. Desemba 1935 Michael Perrin na wenzake wa kampuni hiyohiyo walijaribu tena kwa vyombo bora zaidi. Mgandamizo ukashuka kwa sababu kiungo kimoja kilivuja, wakalazimika kuongeza gesi mpya. Walipofungua chombo walikuta unga mweupe wa gramu 8 hivi. Ile gesi ya nyongeza ilikuwa na chembe za oksijeni, na oksijeni ndiyo iliyoivunja bondi ya kwanza. Ikikosekana, ethilini hutulia tu. Ikizidi, chombo hulipuka. Binafsi nawapa Perrin na wenzake sifa kubwa kuliko wale wa kwanza, maana walikubali kuuchunguza uvujaji ambao wengine wangeuziba na kuusahau.

Kiwanda cha ICI kilianza kuzalisha plastiki hiyo, polithini, Septemba 1939, vita vikiwa vinaanza Ulaya. Polithini hupoteza kidogo sana nguvu za mawimbi ya redio, kwa hiyo ilikwenda moja kwa moja kwenye nyaya za rada, zikiwemo rada nyepesi zilizofungwa ndani ya ndege.

Miaka michache baada ya vita, huko Mülheim, Ujerumani, Karl Ziegler alikuwa akirefusha minyororo ya ethilini kwa msaada wa misombo ya alumini. Siku moja minyororo ikagoma kukua, ikaishia kwenye kaboni 4 tu. Badala ya kuosha chombo na kuendelea, yeye na wanafunzi wake walisaka chanzo hadi wakakuta mabaki ya nikeli kwenye chuma. Ikiwa metali moja inazuia, nyingine zinafanya nini? Wakazipima moja baada ya nyingine. Mwaka 1953 misombo ya titani, ikitumika kama kichocheo, iliwapa polima ndefu bila mgandamizo mkubwa wala joto kali. Minyororo ya Winnington ina matawi, ndiyo maana plastiki yake ni laini. Ya Ziegler imenyooka na kulaliana kwa karibu, nayo ni ngumu. Madumu ya lita 20 tunayochotea maji ni ya ukoo huo.

Machi 1954, huko Milano, Giulio Natta alitumia vichocheo vya aina hiyo kwa propilini, ambayo kila molekuli yake ina kaboni moja ya ziada pembeni. Kichocheo kilizipanga kaboni hizo zote upande mmoja, na polima ikatoka imara kiasi cha kuvutwa kuwa nyuzi, zile zinazofumwa viroba vya unga. Ziegler na Natta waligawana Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963.